Kindi wa Mfalme

Mwezi wa Desemba 1609 mfalme James wa Uingereza alitaka kindi. Siyo kindi yule wa kukimbia juu ya matawi, ambaye Uingereza ilikuwa naye tele. Alitaka kindi wa Virginia, yule ambaye watu walikuwa wanasema anaruka. Habari hizi zimebaki kwenye barua ya Earl wa Southampton, yule yule ambaye Shakespeare alimtabaruku shairi lake Venus and Adonis mwaka 1593. Southampton alikuwa na mfalme, na katika mazungumzo akagusia kindi hao. Mfalme akadaka hapo hapo: je, hakuna hata mmoja aliyewekewa yeye? Na Salisbury, waziri wake mkubwa, hakumtafutia? Southampton akamwandikia Salisbury kumwarifu, akasema asingemsumbua kwa jambo kama hilo ila anajua jinsi bwana wao anavyopenda vitu vya kuchezea vya namna hii.

Sasa ndugu msomaji, hebu tuvuke bahari tuone upande wa pili. Mji wa Jamestown kule Virginia, uliopewa jina la mfalme huyo huyo, ulikuwa umeanzishwa mwaka 1607. Majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610 ndiyo yanayoitwa hadi leo majira ya njaa. Walowezi walikula farasi, wakala mbwa, wakala panya, wakatafuna na ngozi za viatu. Kati ya watu wapatao 500, meli za msaada zilipofika Mei 1610 zilikuta kama 60 tu mjini. Habari za njaa hiyo zilikuwa hazijafika London mfalme alipouliza kindi wake, kwa hiyo tusimsingizie kwamba alijua akapuuza. Lakini yaweke mambo hayo mawili kwenye mizani moja. Koloni linakata roho, na ikulu inauliza mnyama wa kuchezea.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake imo historia yote ya watu kufuga wanyama wadogo wanaoteleza hewani. Kwa miaka 400 mambo yamekwenda hivyo hivyo. Mtu anasikia kwamba kuna kiumbe anayeruka. Anautamani ule mruko, anaagiza aletewe. Analetewa mwili wa mnyama, kwenye kizimba au kwenye mnyororo, mahali ambapo hapana mti wa kurukia. Na gharama yake mara nyingi inalipwa na mwingine kabisa, ambaye hata hatajwi.

Mnyama mwenyewe

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno "kuruka". Kindi huyu harushi mbawa kama popo au njiwa. Ana ngozi iliyolegea ubavuni, kuanzia kifundo cha mkono mpaka kifundo cha mguu. Hupanda juu ya mti, hujirusha, hutanua mikono na miguu, na ile ngozi hukakamaa kama shuka iliyoshikwa pembe zake nne. Hapo huteleza hewani huku akishuka pole pole, mkia ukimsaidia kushika njia, mpaka atue kwenye shina la mti mwingine. Akitaka kwenda mbele zaidi itabidi apande tena. Bila mti mrefu, basi, hana mruko.

Kapteni John Smith, katika kitabu chake kuhusu Virginia kilichochapwa mwaka 1612, aliandika kwamba kindi hao walionekana wakienda yadi 30 hata 40. Smith ndiye pia aliyetuhifadhia jina walilokuwa wakimwita wenyeji wa nchi ile, watu wa Powhatan: assapanick. Neno hili lina mkasa wake. Lugha ya Powhatan iliwapa Waingereza majina ya wanyama kadhaa, likiwamo lile la rakuni, ambalo limeenea duniani. Assapanick halikushika. Wageni walimwita kwa jina lao, kindi arukaye, na mwaka 1758 Linnaeus wa Sweden alipompa jina la kisayansi akaweka "volans", maana yake ile ile, arukaye. Tangu hapo jina lenyewe linasema ni kitu gani mtazamaji alichokuwa anakitafuta.

Ni mnyama mdogo mno. Uzito wake ni gramu 50 hata 80, macho yake makubwa na meusi kwa kuwa maisha yake ni ya usiku. Baridi ikikaza hulala wengi pamoja ndani ya tundu la mti, wakipashana joto. Akichukuliwa angali mchanga huzoea mkono wa mtu upesi, akajikunja mfukoni akalala. Sifa hizo ndizo zinazomponza. Mnyama anayeuma na kunuka huachwa porini na maisha yake. Huyu alikuwa mpole, msafi, na anaenea mfukoni.

Kijana, kindi na mnyororo

Tukimbie sasa mpaka Boston, mwaka 1765. Virginia na Boston zote bado zilikuwa makoloni ya Uingereza, na kindi arukaye alikuwa ameshapanda cheo: watoto wa wenye nafasi walimfuga kama pambo. Mjini humo alikuwako mchoraji mmoja wa miaka 27, John Singleton Copley, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland waliokuwa wakiuza tumbaku gatini. Shule ya kuchora hapakuwa nayo. Alijifunza kidogo kwa baba yake wa kambo, aliyekuwa mchongaji wa picha za kuchapa, na kwa kukodolea macho nakala za picha za Ulaya. Alikuwa anapata wateja Boston, lakini moyoni alikuwa na swali ambalo vijana wengi wanaoandika mashairi kwenye madaftari wanalijua: kazi yangu ni nzuri kweli, au ni nzuri hapa mtaani kwetu tu?

Akaamua kupeleka picha London ikapimwe huko. Alimkalisha mezani ndugu yake wa mama mmoja, Henry Pelham, kijana wa miaka kama 16. Nyuma akaweka pazia jekundu, mbele glasi ya maji, na juu ya meza kindi arukaye wa Marekani. Mnyororo mwembamba wa dhahabu unatoka mkononi mwa kijana. Picha ikapakiwa melini. Mwaka 1766 ikaonyeshwa London, na Joshua Reynolds, mchoraji mwenye jina kubwa kuliko wote Uingereza wakati ule, akaisifu pamoja na kutaja kasoro zake. Copley akachaguliwa kuwa mwanachama wa chama cha wasanii cha huko. Leo picha hiyo imo katika Museum of Fine Arts ya Boston.

Tumtazame huyo kindi. Amekaa, anatafuna kokwa. Ile ngozi ya kumwezesha kuteleza hewani imekunjwa ubavuni, unaona ukingo wake mweupe tu. Kijana hamwangalii, macho yake yako mbali, kama mtu anayefikiria safari. Kindi yupo ili Mwingereza akiona picha ajue imetoka Marekani, na ili aone mkono wa Copley unavyoweza kuchora manyoya. Mwaka ule ule Copley alimchora pia bibi mmoja wa tabaka la juu, Frances Deering Wentworth, naye ana kindi wa aina hiyo hiyo kwenye mnyororo. Watu wa zama zile walipenda kusema mnyama aliyezoeshwa ni ishara ya malezi mema: kama kindi anafundishika, mtoto naye hufundishika.

Copley alifanikiwa. Mwaka 1774 aliondoka Boston, akahamia London, hakurudi tena. Pelham, aliyekuwa upande wa mfalme kwenye vita vya uhuru wa Marekani, akaondoka mwaka 1776. Ndugu wote wawili wakavuka bahari. Siwezi kumlaumu Copley, kwa kuwa kijana wa koloni alitumia alichokuwa nacho, na picha ile ni nzuri, hilo halina ubishi. Ninachosema ni kwamba kwa mara ya pili kindi alitumika kama tiketi, kwanza ya kumfurahisha mfalme, sasa ya kumfungulia msanii mlango. Mruko wenyewe haumo kabisa kwenye picha.

Mnyororo ukikatika

Hadi hapa aliyepata hasara ni kindi peke yake. Lakini je, mnyama wa namna hii akitoroka? Jibu lake tulitafute Australia, ambako yupo kiumbe mwingine anayefanana na kindi arukaye kama pacha. Kwa Kiingereza anaitwa shuga glaida, yaani mtelezaji apendaye sukari, maana hulamba utomvu wa miti ya migunga na mikaratusi pamoja na asali ya maua, na kuongezea wadudu. Ana ngozi ile ile ubavuni, macho yale yale, mwendo ule ule wa usiku. Kumbe si jamaa ya kindi hata kidogo. Huyu hubeba mtoto kwenye mfuko wa tumboni, na ndugu zake ni akina kangaruu. Maumbile yamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti.

Mwaka 1835 walowezi kutoka kisiwa cha Tasmania, wakati ule kikiitwa Van Diemen's Land, walivuka kwenda bara na kuanzisha makao Port Phillip, ndiko ulikokua mji wa Melbourne. Mabaharia na walowezi waliokuwa wakirudi Launceston, kaskazini mwa Tasmania, walirudi na wanyama hawa wadogo wapole, zawadi ya kuchezea. Ronald Gunn, mtaalamu wa mimea aliyeishi kisiwani, aliliandika jambo hilo: waliletwa kutoka Port Phillip, wakatoroka, wakazaana. Kwa muda mrefu watu walisahau, wakawahesabu kuwa wenyeji wa kisiwa. Ushahidi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2018 ukarudi kwenye maneno ya Gunn, kwamba hawa wa Tasmania ni wageni.

Sasa Tasmania ina kasuku mmoja mdogo wa kijani, mwenye wekundu usoni, ambaye Waingereza walimwita mwepesi kwa mbio zake angani. Majira ya baridi hukaa bara. Majira ya kiangazi huvuka bahari kuja kutaga Tasmania, akifuata maua ya mikaratusi. Hutaga ndani ya matundu ya miti mikubwa ya zamani, na huchagua tundu lenye mlango mwembamba, ili adui mkubwa asiingie. Kwa karne nyingi hiyo ilikuwa hekima ya kutosha. Lakini mnyama anayeenea mfukoni mwa baharia anaenea pia kwenye mlango wa tundu la kasuku. Huingia usiku, humuua jike juu ya mayai yake, akamla, akala na mayai au makinda.

Watafiti waliligundua jambo hili wakati wakichunguza viota, wakalitangaza mwaka 2014. Kwenye baadhi ya maeneo ya kisiwa kikuu karibu kila kiota walichokifuatilia kiliangamia. Kwenye visiwa vidogo vya Bruny na Maria, ambako shuga glaida hayupo, hakuna kiota kilichovamiwa naye. Mwaka 2015 kasuku huyu aliwekwa kwenye daraja la hatari kuu ya kutoweka, na makadirio ya karibuni yanaonyesha waliobaki porini hawafiki 1,000.

Tusiwe wepesi wa kumwangushia mnyama mzigo wote. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba viota huvamiwa zaidi pale ambapo msitu wa miti mikubwa umekatwa, na huvamiwa kidogo pale ambapo msitu wa zamani umesimama. Shoka na mtoro wamefanya kazi pamoja. Wote wawili waliletwa na watu wale wale.

Hebu fikiria umbali wa jambo hili. Mtu mmoja gatini Launceston mwaka 1835 anafungua koti kumwonyesha mtoto wake kiumbe wa ajabu. Mtoto anacheka. Usiku kiumbe anapenya dirishani. Karibu miaka 180 baadaye mtafiti anapanda mti kwa kamba, anachungulia tundu, anakuta manyoya ya kijani na damu. Katika watu hao hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya.

Bei ikishuka

Alichokitaka mfalme mwaka 1609, mwishoni mwa karne ya 20 kilikuwa kinauzwa madukani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia miaka ya 1990, shuga glaida walienea Marekani kama wanyama wa mfukoni, wakauzwa hata kwenye maonyesho na majumba ya maduka. Watu waliamini wametoka Australia. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2019 ulionyesha vingine: ukoo wao ulitoka upande wa Sorong, magharibi ya kisiwa cha Papua, nchini Indonesia. Baadhi ya majimbo, kama California na Hawaii, yamekataza kuwafuga.

Waliofugwa ovyo wanaonyesha gharama kwenye miili yao. Shuga glaida akilishwa matunda matamu tu hukosa chokaa ya mifupa, mifupa ikalainika, miguu ya nyuma ikapooza. Akiwekwa peke yake, yeye aliyeumbwa kuishi kwa kundi, anaweza kujitafuna mkia na ngozi yake. Wapo wafugaji wanaojua haya, wanaowaweka wawili au zaidi kwenye vizimba virefu na kuwapimia chakula kwa uangalifu, na wanyama wao huishi miaka 10 na zaidi. Nawapa heshima yao. Hata hivyo, hata kizimba kirefu cha sebuleni hakina mita 50, umbali ambao mnyama huyu anaweza kuteleza akiwa porini.

Na kindi wa mfalme James je, aliponaje? Hakupona. Mwezi wa Oktoba 2020 maafisa wa wanyamapori wa Florida walitangaza kuwashitaki watu saba kwa biashara ya kindi warukao. Kwa mujibu wao, mitego ipatayo 10,000 ilitegwa katika Florida ya kati, na kwa muda usiofika miaka mitatu wakakamatwa kindi wapatao 3,600. Waliuzwa kwa jina la wanyama waliozaliwa kizimbani, wakasafirishwa kwa magari ya kukodi mpaka Chicago, kisha wakapelekwa Asia, wateja wakiwa wametoka Korea Kusini. Zamani mtu mmoja mwenye taji aliuliza kama kuna kindi wake. Leo wanaouliza ni maelfu, na kila mmoja ana simu mkononi.

Na sisi?

Usije ukadhani hii ni hadithi ya Wazungu na misitu yao peke yao. Afrika nayo ina wanyama wanaoteleza hewani. Wamo katika misitu ya Kongo, Uganda, Kakamega kule Kenya na Udzungwa kule Tanzania. Wanafanana na kindi, lakini chini ya mkia wana magamba yanayowasaidia kushika shina la mti, na katika ukoo wako karibu zaidi na kamendegere kuliko na kindi. Wao ni kundi la tatu lililouvumbua ujanja ule ule.

Anayejulikana zaidi kati yao alielezwa kisayansi mwaka 1842, kutokana na mnyama wa Afrika Magharibi, akapewa jina la Earl wa Derby. Derby hakuwa msafiri wa misitu yetu. Alikuwa tajiri wa Uingereza aliyefuga wanyama na ndege kwa mamia huko Knowsley, karibu na Liverpool. Kwa hiyo mnyama wetu wa Kakamega na Udzungwa amebeba kwenye vitabu vya sayansi jina la mwenye vizimba. Assapanick alipoteza jina lake Virginia; huyu wa kwetu anayo majina kwenye lugha za watu wanaoishi kando ya misitu hiyo, na majina hayo bado yanasemwa. Mwandishi kijana anayetafuta kazi ya kufanya anaweza kuanzia hapo. Apande basi, aende akakae na wazee, ayaandike kabla hayajasahaulika.

Nasema hivyo kwa kuwa historia ya wanyama hawa imeandikwa karibu yote na wenye kushika mnyororo. Tunayo barua ya Southampton, tunayo picha ya Copley, tunayo hesabu ya mitego ya Florida. Upande wa pili unaonekana ukitazama kwa makini tu: assapanick kwenye mstari mmoja wa kitabu cha Smith, ukingo mweupe wa ngozi iliyokunjwa, manyoya ya kijani ndani ya tundu la mti. Mtu akikuletea kitu kizuri kiganjani, kishangae, hakuna ubaya. Halafu muulize kimetoka wapi, kwa nani, na nani aliyebaki huko.